NYUMBA KWANZA, MASHINE BAADAYE: MAZUNGUMZO JUU YA KUBADILISHA VIYOYOZI KATIKA NYUMBA ZA ZAMANI ZA WETE

Yafuatayo ni maandishi ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya watumishi wa Serikali na wakaazi wa Wete, kuhusu namna ya kuchagua kiyoyozi kipya mahali pa kile kilichochakaa. Yanachapishwa katika ukurasa huu ili yawafikie na wale wasioweza kuyasikiliza.



Kaskazi inapoingia, kuanzia Disemba hadi Machi, joto la mchana katika kisiwa cha Pemba hufikia nyuzi 32 au 33 za Selsiasi, na hewa itokayo baharini huwa imejaa unyevu. Usiku hauleti nafuu kubwa, kwani kuta na mapaa huendelea kutoa joto yaliyolihifadhi mchana kutwa. Ndio wakati ambapo kiyoyozi cha zamani, kilichofanya kazi miaka kumi au kumi na mitano, aghalabu hushindwa na kuzimika. Na ndio wakati ambapo mwenye nyumba, akiwa na mgonjwa, mzee au mtoto mchanga ndani, hukimbilia dukani na kununua mashine ya kwanza anayoonyeshwa.

Haraka ya namna hiyo haina baraka. Mashine inayonunuliwa kwa siku moja hulipiwa umeme kwa miaka mingi. Ikiwa ni kubwa kupita kiasi, chumba hubaki na unyevu. Ikiwa ni ndogo, hufanya kazi bila kupumzika hadi ikaharibika. Ikiwa imefungwa kwenye waya za zamani zisizoweza kuubeba mzigo wake, huweza kuiunguza nyumba yenyewe.

Katika nchi za baridi, mwenye nyumba kongwe hununua vitu viwili kwa pamoja: tanuri la kuipasha nyumba joto wakati wa baridi kali, na mashine ya kuipoza wakati wa joto. Mkaazi wa Wete ameepushwa na nusu ya gharama hiyo. Hata hivyo, madukani huuzwa viyoyozi vyenye uwezo wa kupoza na wa kupasha joto pia. Uwezo huo wa pili hauna kazi Pemba, na hapana sababu ya kuulipia iwapo ipo mashine ya kupoza tu yenye ubora ule ule.

Nasaha kuu ya mazungumzo haya ni fupi: nyumba itengenezwe kwanza, na mashine ichaguliwe baadaye. Kuing'oa mashine ya zamani na kuweka nyingine ya ukubwa ule ule, bila ya kuitazama nyumba, ni kuirithi hesabu ya mtu mwingine iliyofanywa zamani kwa hali nyingine.

NYUMBA ZA WETE NA JOTO LAKE

Ieleweke kwamba kiyoyozi hakitengenezi baridi. Kazi yake ni kuchukua joto na maji yaliyomo katika hewa ya chumba na kuyatoa nje. Kwa hivyo suala la kwanza si mashine gani inunuliwe, bali ni joto kiasi gani linaloingia chumbani na linapita wapi. Jawabu hutofautiana kwa aina ya nyumba.

Ya kwanza ni nyumba ya mawe na chokaa. Kuta zake ni nene, na joto la jua huchukua saa nyingi kuzipenya. Vyumba vyake aghalabu ni virefu na vyembamba, kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari, na dari huwa juu sana. Nyumba hii ilijengwa ipate upepo. Ubaya huingia pale madirisha yake yanapozibwa kwa mbao ili kiyoyozi kifanye kazi, au kuta zake zinapopigwa plasta ya saruji. Chokaa huuacha unyevu wa ukuta utoke. Saruji huufungia ndani, na ukuta ukaanza kumomonyoka chini ya plasta.

Ya pili ni nyumba ya udongo na fito, au ya matofali ya saruji, iliyoezekwa kwa mabati. Humu adui mkubwa ni paa. Bati lililokaa juani hufikia nyuzi 60 na zaidi, na pasipo dari, joto hilo hushuka moja kwa moja juu ya vitanda na vichwa vya watu. Wazee waliolala chini ya makuti kisha wakahamia chini ya mabati wanaijua tofauti hiyo bila ya kuelezwa.

Ya tatu ni majumba ya maendeleo ya ghorofa, kama yale ya Mtemani. Anayekaa ghorofa ya juu kabisa hupokea joto la paa, na anayekaa katikati hupokea la ukuta wa magharibi tu. Wawili hawa, ingawa vyumba vyao ni sawa kwa vipimo, hawahitaji mashine moja. Tena madirisha ya luva, yaliyo mengi katika nyumba za zamani, hayafungiki yakaziba. Hewa iliyopozwa hutoka na hewa yenye unyevu huingia usiku kucha, na mwenye nyumba hudhani mashine yake ni mbovu.

KAZI ZA KUFANYA KABLA YA KWENDA DUKANI

Zipo kazi ambazo gharama yake ni ndogo na faida yake hubaki hata umeme unapokatika.

Kwanza ni paa. Bati likipakwa rangi nyeupe hurudisha sehemu kubwa ya miale ya jua. Chini yake iwekwe dari ya mbao au ya silingi bodi, na baina ya dari na bati yaachwe matundu ya kupitishia hewa pande mbili, ili hewa ya moto ipate njia ya kutoka.

Pili ni kivuli. Dirisha lililotazama magharibi ndilo linaloingiza jua la alasiri, jua ambalo hukiacha chumba na moto hadi saa tano za usiku. Upenu mrefu, baraza iliyoezekwa, au mti uliopandwa kwa umbali wa kutosha kutoka kwenye msingi hulizuia jua hilo kabla halijagusa kioo. Pazia la ndani husaidia kidogo tu, kwani joto huwa limekwisha kuingia.

Tatu ni kuchagua chumba. Nyumba nzima haina haja ya kupozwa. Chumba kimoja cha kulala, chenye mlango unaofunga vyema na madirisha yaliyozibwa nyufa, hutosha kumpumzisha mgonjwa au mzee. Vyumba vilivyobaki viachiwe upepo na feni. Feni ya dari hutumia kiasi cha wati 60 hadi 75, na zile za aina mpya hutumia nusu ya hapo. Feni haipunguzi joto la hewa, lakini huukausha mwili jasho, na mtu hujiona yuko katika hewa iliyo baridi zaidi kwa nyuzi mbili au tatu.

Nne, madirisha yasizibwe kwa namna isiyofunguka. Wakaazi wa Unguja walikaa bila ya umeme kwa karibu mwezi mmoja mwaka 2008, na tena kwa kiasi cha miezi mitatu kuanzia Disemba 2009. Pemba nayo, kabla ya kuunganishwa na Tanga mwaka 2010 kwa waya wa kilovolti 33 uliolazwa chini ya bahari kwa kiasi cha kilomita 78, ilitegemea majenereta ya dizeli. Nyumba isiyoweza kupumua bila ya mashine hugeuka tanuri siku mashine inapokosa umeme.

KUPIMA UKUBWA WA MASHINE

Nguvu ya kiyoyozi hupimwa kwa BTU kwa saa. BTU 12,000 huitwa pia tani moja, sawa na kilowati 3.5 za upozaji. Madukani wauzaji hutaja "nguvu za farasi": moja kwa BTU 9,000, moja na nusu kwa 12,000, na mbili kwa 18,000. Majina hayo ni ya mazoea ya soko tu. Mnunuzi asome BTU na wati zilizoandikwa kwenye kibandiko cha mashine, na asitosheke na neno la mdomo.

Kwa chumba cha kawaida chenye dari isiyozidi mita 3, makadirio ya kuanzia ni BTU 600 kwa kila mita moja ya mraba. Kwa hivyo chumba cha mita 4 kwa mita 4 kina mita za mraba 16, na huhitaji kiasi cha BTU 9,600. Chumba kikiwa na kivuli kizuri, hesabu hupunguzwa kwa sehemu moja ya kumi. Kikiwa kimeelekea jua la alasiri, huongezwa kwa kiasi hicho hicho. Wanaolala wakizidi wawili, kila aliyezidi huongezewa BTU 600. Mabati matupu yasiyo dari huweza kuipandisha hesabu ya chumba hicho hicho hadi BTU 12,000 na zaidi.

Hapo ndipo faida ya kuitengeneza nyumba kwanza inapoonekana. Chumba kilichokuwa na mashine ya BTU 12,000 kwa sababu ya bati tupu, baada ya kuwekewa dari na kivuli, huhudumiwa vyema na mashine ya BTU 9,000. Mashine ndogo ni rahisi kununua, waya zake hazina mzigo mkubwa, na fedha iliyobaki hulipia sehemu ya dari.

Wako wanaosema, "Kubwa haidhuru, itapoza haraka." Kauli hiyo ina madhara, hasa katika kisiwa chenye unyevu. Mashine kubwa kupita kiasi hukipoza chumba kwa dakika chache kisha hujikata, kabla haijapata muda wa kuyachuja maji yaliyomo katika hewa. Mtu hulala katika chumba chenye baridi na unyevu, shuka zikawa na majimaji na ukungu ukaota nyuma ya kabati. Mashine ya ukubwa wa kiasi hufanya kazi kwa muda mrefu na kwa utulivu, na bomba lake hutoa maji mengi zaidi. Maji hayo ni dalili njema.

Kwa vyumba virefu vya nyumba za mawe, mashine ifungwe kwenye ukuta wa upande mfupi, ili hewa isafiri kwa urefu wa chumba. Na kwa kuwa dari ni ya juu, makadirio ya mita za mraba pekee hayatoshi. Fundi apime pia kimo cha chumba.

AINA ZINAZOUZWA

Mashine ya dirishani ni rahisi kufunga, na mara nyingi bei yake ni nafuu. Kasoro zake ni kelele, na nafasi inayoachwa pembeni mwake ambayo huingiza joto, mbu na mvua. Mashine ya kuhamishika, yenye magurudumu na bomba nene linalotolewa dirishani, hufaa kwa dharura tu, kwa vile zile za bomba moja huitoa nje hewa ya chumbani na kuivuta hewa ya moto kutoka vyumba vyengine. Mashine ya vipande viwili, kimoja ndani na kimoja nje, ndiyo inayofaa zaidi kwa chumba cha kudumu.

Katika hizo za vipande viwili zipo aina mbili. Ya kwanza huwaka kwa nguvu zote na kuzimika, kisha ikawaka tena. Ya pili, iitwayo inveta, huupunguza mwendo wa kompresa chumba kinapopoa, ikaendelea kwa nguvu ndogo. Kwa chumba kinachotumika saa nyingi kila usiku, inveta hutumia umeme mdogo zaidi. Kwa chumba cha wageni kinachotumika mara chache kwa mwaka, tofauti ya bei huenda isirudi kamwe.

Tahadhari maalumu yahitajika juu ya vipozeo vya maji, vile vinavyotiwa maji au barafu na kuvumisha hewa. Bei yake huvutia, na muuzaji huviita viyoyozi. Kifaa hicho hupoza kwa kuyafanya maji yawe mvuke. Katika mji wenye hewa kavu, kama Dodoma wakati wa kiangazi, hufanya kazi vizuri. Wete hewa tayari imejaa mvuke, kwa hivyo maji hayakauki upesi, joto halipungui kwa kiasi cha maana, na chumba huongezewa unyevu. Fedha hiyo ni afadhali inunulie feni nzuri.

Mashine zinazoletwa na jamaa kutoka nchi za nje nazo zichunguzwe kabla ya kusafirishwa. Umeme wa Tanzania ni wa volti 230 na mizunguko 50 kwa sekunde. Oman na Falme za Kiarabu zina mizunguko 50 pia, lakini Saudi Arabia hutumia mizunguko 60. Mashine ya kawaida iliyoundwa kwa mizunguko 60 huzunguka polepole zaidi Pemba, ikapungukiwa na nguvu na huenda ikapata moto kupita kiasi. Mashine ya Marekani ya volti 120 haifai kabisa kuunganishwa moja kwa moja.

SUALA LA GESI

Nyingi ya mashine za zamani zina gesi iitwayo R-22. Gesi hii huharibu tabaka la ozoni linaloikinga dunia na miale mikali ya jua. Kwa sababu hiyo iliingizwa katika Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1993. Kwa mujibu wa ratiba ya mkataba huo, nchi zinazoendelea zilitakiwa kupunguza matumizi ya gesi za kundi hilo kwa asilimia 67.5 kufikia mwaka 2025, na kuyakomesha mwaka 2030, isipokuwa kiasi kidogo cha matengenezo. Maana yake kwa mwenye nyumba ni kwamba mashine ya R-22 anayouziwa leo kwa bei ya kutupa ni mashine ambayo gesi yake itazidi kuadimika.

Gesi iliyofuata, R-410A, haiharibu ozoni, lakini inachangia kuongeza joto la dunia: kilo moja yake ina athari ya kilo 2,088 za hewa ya ukaa. R-32 ina athari ya kilo 675. Gesi hizi mbili zimo katika makubaliano yaliyofikiwa Kigali mwezi wa Oktoba 2016 ya kupunguza gesi za namna hiyo hatua kwa hatua. Ipo pia R-290, ambayo ni propani safi na athari yake ni ndogo mno. R-32 huweza kushika moto kwa kiasi kidogo na R-290 kwa urahisi, kwa hivyo kazi yake ni ya fundi aliyesomea na mwenye vifaa. Kwa ununuzi wa sasa, mashine ya R-32 ni chaguo la busara kwa nyumba nyingi, maadamu yupo fundi anayeijua.

Gesi mpya isitiwe katika mashine ya gesi ya zamani. R-410A ina shinikizo kubwa zaidi kuliko R-22 kwa zaidi ya nusu, na mabomba ya zamani hayakuundwa kulihimili.

Jambo jengine ambalo wananchi wengi hulipa fedha bila ya kulijua: gesi ya kiyoyozi haiishi kama mafuta ya gari. Huzunguka ndani ya mabomba miaka yote. Ikipungua, ni kwamba pana tundu. Fundi anayekuja kila mwaka "kuongeza gesi" bila ya kulitafuta tundu hatengenezi kitu. Anauza gesi itakayovuja tena.

UMEME NA WAYA

Nyumba nyingi za zamani zilitandazwa waya kwa ajili ya taa, redio na pasi. Kiyoyozi kisiunganishwe kwenye soketi ya kawaida kwa kutumia waya wa kuongezea. Kiwe na njia yake peke yake kutoka kwenye ubao wa swichi, yenye waya usiopungua milimita 2.5 za mraba kwa mashine ndogo, swichi ya kujikata ya ukubwa unaostahiki, na waya wa kwenda ardhini uliopimwa ukathibitika. Soketi inayopata moto au kutoa harufu ni onyo la kuungua. Kazi hii ifanywe na fundi umeme aliyeidhinishwa, na panapokuwa na shaka juu ya uwezo wa laini inayoingia nyumbani, Shirika la Umeme la Zanzibar liulizwe kabla ya mashine kununuliwa.

Umeme ukishuka na kupanda, kompresa ndiyo huumia kwanza. Kifaa cha kulinda mashine, chenye kuchelewesha kuwaka kwa dakika tatu hadi tano baada ya umeme kurudi, ni cha lazima. Bei yake ni ndogo sana ikilinganishwa na bei ya kompresa.

HESABU YA GHARAMA

Mfano ufuatao waonyesha namna ya kuhesabu. Mashine ya zamani ya BTU 12,000 hutumia kiasi cha kilowati 1.3 inapokuwa imewaka. Chumba kikitumika saa 8 za usiku na mashine ikawa imewaka saa 6 kati ya hizo, matumizi ni uniti 7.8. Mashine mpya ya inveta ya BTU 9,000, katika chumba kilichowekewa dari, ikitumia wastani wa kilowati 0.45 kwa saa 8, matumizi ni uniti 3.6. Tofauti ni uniti 4.2 kila usiku, yaani uniti 126 kwa siku 30. Kwa miezi minne ya joto ni uniti 504.

Kila mwenye nyumba azidishe uniti hizo kwa bei anayolipa anaponunua umeme wa TUKUZA, kisha alinganishe na tofauti ya bei ya mashine mbili anazozichagua. Aongeze gharama za ufungaji, waya na kifaa cha kulinda. Mashine iliyo rahisi dukani huweza kuwa ghali kuliko zote ifikapo mwaka wa tatu.

Vile vile ipo hali ambayo mashine ya zamani haina haja ya kubadilishwa. Ikiwa kilichoharibika ni kapasita, feni au ubao mdogo wa umeme, na mabomba ni mazima, itengenezwe. Lakini ikiwa kompresa imekufa au mabomba yameliwa na kutu, na gharama ya matengenezo yakaribia nusu ya bei ya mashine mpya, fedha hiyo isitupwe.

UFUNGAJI NA MATUNZO

Mji wa Wete umekabili bahari upande wa magharibi. Hewa ya chumvi hula vibati vyembamba vya kipande cha nje. Mnunuzi achague chenye vibati vilivyopakwa dawa ya kuzuia kutu, na kifungwe upande wenye kivuli usioelekea bahari moja kwa moja, ikiwezekana upande wa mashariki. Kisifungiwe mahali finyu pasipopita hewa.

Ukuta wa mawe na chokaa ni laini ndani. Bolti fupi huchomoka, na kipande cha nje kikaanguka njiani. Ni salama zaidi kukiweka juu ya jukwaa la zege ardhini, au kutumia bolti ndefu zinazopenya ukuta na kushikwa kwa bamba upande wa pili. Katika nyumba za ghorofa, idhini ya mwenye dhamana ya jengo ipatikane kabla ya ukuta kutobolewa.

Maji ya mashine yaelekezwe kwenye mtaro au kwenye mimea. Yasimwagike mlangoni kwa jirani wala yasituame, kwani hugeuka mazalio ya mbu. Ugomvi mwingi unaofikishwa kwa Sheha ungeweza kuzuiwa kwa bomba la mita mbili.

Fundi atoe hewa yote ndani ya mabomba kwa pampu kabla ya kuifungulia gesi. Mnunuzi adai risiti na hati ya dhamana, na aulize mapema kama vipuri na fundi vinapatikana Pemba au hadi Unguja. Baada ya hapo, chujio lioshwe kila wiki mbili na mashine iwekwe nyuzi 24 hadi 26, feni ya dari ikisaidia. Kuiweka nyuzi 16 hakuharakishi upozaji kwa mashine ya kawaida. Huzidisha tu muda wa kuwaka.

Mashine iliyong'olewa isikabidhiwe kwa mnunuzi wa vyuma chakavu kabla gesi yake haijanyonywa na fundi. Kuyakata mabomba hivi hivi ni kuiachia gesi yote angani.

WAJIBU WA WATUMISHI

Yote yaliyosemwa juu ya nyumba yanahusu ofisi za Serikali pia, na kwa uzito zaidi, maana fedha inayotumika ni ya umma. Mkuu wa ofisi anapoomba kiyoyozi kipya, maombi yaonyeshe vipimo vya chumba, hali ya paa na madirisha, umri na kasoro ya mashine iliyopo, na matumizi ya umeme ya mashine inayopendekezwa, si bei ya kununulia peke yake. Milango ya vyumba vyenye viyoyozi ifungwe, na mtumishi wa mwisho kutoka azime. Mashine inayonguruma usiku kucha katika ofisi tupu humnyima dawa mgonjwa wa hospitali na daftari mtoto wa skuli.

Ndugu Wananchi,

Kwa ufupi, mwenye nyumba ya zamani na afuate mpango huu: aitengeneze paa na kivuli, achague chumba kimoja, apime, alinganishe uniti kabla ya bei, ahakikishe waya, kisha ndipo anunue. Kazi hizi zianze wakati wa kusi, mafundi wakiwa na nafasi na nyumba ikiwa na ubaridi, wala zisingojewe hadi mzee ameshindwa kulala kwa joto la Februari.